Piano ya Ukumbi wa Norrgard

Ragna Tollefson hakubali kushindwa na sikio la mtu yeyote, na mimi niliyemjua miaka thelathini na mbili nashuhudia kwamba haki hiyo anayo. Alikuwa fundi wa kutyuni piano, yaani kuzikaza nyuzi zake zilie sawa, hapa Duluth tangu ana miaka ishirini, kazi aliyoirithi kwa baba yake, mzee Osvald. Ukiangusha kijiko mezani kwake atakuambia kimelia noti gani. Siku moja alibonyeza kengele ya mlango wangu, na kabla hata ya salamu akaniambia, "Imeshuka hiyo. Badilisha betri."

Lakini watu wa mbali hawamjui kwa piano. Wanamjua kwa kanda za Kettle Ferry. Vuli ya mwaka 1974 bendi ile ilizunguka miji thelathini na miwili ikiwa na magitaa, fidla, piano ya umeme, na kinanda kikuukuu cha kukanyaga kwa miguu walichokiokota kwenye kanisa fulani la mashambani. Hakuna kampuni iliyorekodi ziara ile. Waliorekodi ni mashabiki, vijana waliokaa katikati ya watu wakiwa wameficha mashine za kaseti ndani ya makoti, ndiyo maana ukisikiliza unapata muziki, vikohozi, na jamaa anayemuuliza mwenzake choo kiko wapi. Sisi tunaobadilishana kanda hizo tuna sheria moja: haziuzwi. Unatuma kaseti tupu mbili na stempu, unarudishiwa moja imejaa. Anayeuza simtaki kwangu hata mvua ya mawe ikiwa inamnyeshea barazani.

Ugonjwa wa kanda hizi ni mwendo. Betri zikichoka, mashine inajivuta. Halafu kaseti inanakiliwa, na nakala inanakiliwa, kila mashine na mwendo wake, mpaka hujui tena wimbo ulipigwa kwa kasi gani. Mwanamume mzima anaimba kama mtoto wa chekechea, au kama ng'ombe mwenye homa. Ragna alizichukua kanda za ziara ile moja moja. Akafuta mikwaruzo, akaondoa mvumo wa umeme, akarudisha kila wimbo kwenye mwendo wake, akaziweka mtandaoni bure, kila moja na maelezo yake chini. Watu walimsifu kutoka Uholanzi mpaka Japani. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Yeye hakutia maji, lakini kichwa kiliongezeka kidogo. Mimi nilikuwa karibu, nilikiona.

Mji mmoja kati ya ile thelathini na miwili ni huu wetu, na hapo ndipo penye kidonda cha familia ile.

Asubuhi Kettle Ferry walipofika Duluth, piano yao ya umeme iliteleza kwenye ngazi za Ukumbi wa Norrgard ikavunjika. Wakaazima piano kubwa ya ukumbi. Piano hiyo mwenye kuitunza alikuwa Osvald, na aliityuni mchana uleule. Keshokutwa yake gazeti likaandika kwamba bendi ilikuwa nzuri, ila piano ya ukumbi ilikuwa imechacha kama maziwa. Wiki haikuisha, Osvald akapata barua: ukumbi hautahitaji tena huduma zake. Alikuwa na miaka arobaini na mitano. Ragna alikuwa akisoma Minneapolis, hakuwepo. Aliporudi nyumbani kwa mapumziko, baba yake alimwambia sentensi moja tu: "Piano yangu ilikuwa sawa." Baada ya hapo hakulizungumza tena. Aliendelea na piano za makanisa na za shule mpaka alipostaafu. Na kwenye Ukumbi wa Norrgard hakukanyaga tena, hata siku mjukuu wake alipopewa cheti pale.

Sasa sikiliza alichofanya binti yake. Miaka tisa iliyopita ilimfikia kanda ya Duluth, nakala ya nakala ya nakala, chafu kama jamvi la mlangoni. Akaisafisha. Ili apate mwendo, akafanya kile ambacho sisi sote hufanya: akachukulia kwamba magitaa yalityuniwa kwenye kipimo cha kawaida, akasogeza mwendo wa kanda mpaka magitaa yakakaa hapo. Yalipokaa, piano ikaanguka chini yao. Kidogo tu, lakini ni kile kidogo kinachouma kama jino. Na Ragna, kwa kuwa ni mkweli kupita kiasi, akaandika kwenye maelezo: "Piano ya ukumbi imeshuka. Haikutyuniwa vizuri." Kikulacho ki nguoni mwako. Nilipoyasoma nilimpigia simu.

"Ragna, umemwandika baba yako."

"Nimeandika ninachosikia."

"Si ungeyaacha tu hayo maelezo?"

"Ningeyaacha kama ingekuwa piano ya baba wa mtu mwingine?"

Maelezo yakabaki hapo miaka tisa.

Mwaka jana Wendell Maki alifariki, Mungu amrehemu. Huyo ndiye aliyekaa safu ya kumi na nne ya Ukumbi wa Norrgard na mashine tumboni chini ya sweta, akawaambia walinzi kwamba ni ngiri. Dada yake alinipigia kuniambia amefungua sanduku la kaka yake la kuvulia samaki kwenye barafu, ndani hamna ndoano hata moja, limejaa kaseti. Nilikwenda siku hiyohiyo. Zilikuwemo kaseti mbili zimefungwa kwenye mfuko wa mkate, na mwandiko wa Wendell: Norrgard, za asili. Niliziweka juu ya kiti cha mbele cha gari nikazifunga mkanda. Nicheke tu.

Ragna alizichukua asubuhi ya Jumamosi akashuka nazo kwenye karakana yake chini ya nyumba. Mimi nikabaki jikoni na kahawa. Haikupita saa moja, nikasikia sauti kutoka chini.

"Lloyd, njoo."

"Nimalizie kahawa."

"Acha kahawa, bwana. Njoo."

Alikuwa amesimamisha kanda kabla ya wimbo wa tatu, pale watu wanapotulia. Akaipiga.

"Unasikia nini?"

"Bendi bado haijaanza."

"Sijakuuliza habari za bendi. Unasikia nini?"

"Mvumo. Wa ampilifaya."

"Mmoja au mingapi?"

Nikasikiliza tena. "Mmoja."

"Mmoja," akasema. "Ile nakala ya zamani ilikuwa na minne, kila mashine iliyonakili imeongeza wake. Kwangu yote ilikuwa uchafu, nikaifagia. Lloyd, nilikuwa nafagia rula."

Hapo akanieleza, haraka haraka, kama mtu anayekimbizana na sufuria inayofurika. Umeme wa nchi hii hupwita mara sitini kwa sekunde, mwaka ule na leo. Ampilifaya huvuma kwa kuufuata. Ukiuweka ule mvumo mmoja wa ukumbini mahali pake, basi kanda nzima imekaa mahali pake, magitaa yapende yasipende. Akasogeza mwendo kwenye kompyuta, akasoma tarakimu, akasogeza tena. Kisha akauondoa ukutani uma wa baba yake, kile chuma cha pembe mbili ambacho fundi wa piano hukigonga gotini kupata A, noti ya kuanzia. Osvald alimwachia siku aliyostaafu.

Wimbo wa tatu unaanza kwa piano peke yake. Ragna akagonga uma, akaushikilia karibu na spika.

Noti mbili zikipishana hata unywele, sauti hutikisika, wa-wa-wa, ndivyo fundi anavyojua. Nilingoja mtikisiko. Haukuja. Ilikuwa noti moja iliyonyooka, nusu yake kutoka kwa chuma kilichokuwa mkononi mwake na nusu kutoka kwa piano ya mwaka 1974. Halafu magitaa yakaingia, yote kwa pamoja, juu ya kipimo.

Ragna akakaa kwenye ngazi.

"Ni kile kinanda," akasema. "Kile kizee cha kanisa. Vya zamani vilitengenezwa juu kuliko kipimo cha leo, na ndimi zake ni za shaba, huwezi kuzikaza kama nyuzi. Kwa hiyo waliyapandisha magitaa yakifuate. Na piano yao pia. Kila mji walikuwa juu pamoja, nani angejua? Mpaka walipofika hapa wakakutana na piano iliyo sawa."

"Basi aliyekuwa sawa ukumbi mzima ni mzee wako."

"Peke yake." Akaugeuza ule uma mkononi. "Aliniambia kwa mdomo wake. Mimi nikaenda kuamini kaseti ya nne ya mtu nisiyemjua."

Kisha likanijia, na nadhani lilikuwa limeshamjia yeye. Kanda thelathini na moja nyingine alizipima kwa magitaa hayohayo. Zote ziko chini. Kazi yote anayosifiwa nayo.

Nilimpa ushauri mbaya, na nakiri hapa kwamba niliutoa kwa moyo mweupe. "Rekebisha ya Duluth. Hizo nyingine ziache, nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na wewe, ambaye huna kifua."

"Watu wamezisikiliza miaka tisa, Ragna."

"Basi wamezisikiliza vibaya miaka tisa. Kosa ni langu na nitaliandika kwa jina langu. Unadhani nitaona haya? Haya ni kunyamaza."

Akaliandika kabla ya chakula cha mchana, mistari minane, bila kujitetea hata neno moja. Nililisoma nikajivunia kujuana naye.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda nyumba ya wazee. Osvald ana miaka tisini na minne. Tulimkuta kwenye meza ya dirishani ana kahawa na mkate mwembamba wa viazi uliopakwa siagi na sukari. Ragna alimvisha baba yake hedifoni, akabonyeza.

Mzee alisikiliza wimbo mzima akiwa amefumba macho, kidole kimoja kikigonga meza. Ulipokwisha akazivua.

"Hiyo ni A yangu," akasema.

"Ndiyo, Baba. Ni kinanda chao kilichokuwa juu. Piano yako ilikuwa sawa."

"Najua ilikuwa sawa. Nilikuwepo."

Akavuta kitabu chake cha nyimbo za kanisa, akakifungua mwishoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne mpaka mikunjo imechakaa. Akamsogezea binti yake. Nami niliiona. Yalikuwa yale maelezo ya Ragna ya miaka tisa iliyopita, yamechapishwa. Piano ya ukumbi imeshuka. Haikutyuniwa vizuri.

Sijawahi kumwona Ragna amekosa rangi usoni namna ile. "Nani alikupa hii?"

"Mchungaji. Aliona jina lako akadhani nitafurahi."

"Miaka tisa, Baba. Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ulisikiliza, ukaandika ulichosikia. Nilikufundisha kusikiliza, mwanangu. Sikukufundisha kunitetea."

Mimi niligeukia dirishani nikalia, na sioni aibu kusema. Ragna hakulia. Alimshika baba yake mkono, akaubana.

"Haya," mzee akasema, akatoa kalamu mfukoni mwa shati. "Rekebisha."

Ragna akakata mistari miwili ile, akaandika chini yake: Piano ilikuwa sawa. Iliityuniwa na Osvald Tollefson.

Mzee akaishika karatasi karibu na macho, akaisoma polepole. Akairudisha.

"Umeandika 'iliityuniwa'. I moja inatosha."

Ragna akaifuta ile i iliyozidi. Osvald akaikunja karatasi mara nne, akaiweka palepale kwenye kitabu cha nyimbo, akaniomba nimletee mkate mwingine.