Mama Severa wa Vyombo na Watoto wa Liwale

Asubuhi ya leo nilikuwa napanga masufuria mbele ya duka la bibi, makubwa chini madogo juu, Mzee Khalfani wa duka la jirani akaniuliza, "We binti, bibi yako anatimiza mwaka tangu afariki. Kwenye jumuiya yenu mtasema nini?" Nikamwambia kila mtu atasimama aseme neno. Akacheka, ananijua, mimi na kusimama mbele ya watu ni mbali mbali. "Basi andika, asome mwingine. Ila andika ukweli, mimi Muislamu nitakuja kusikiliza." Kwa hiyo haya ndiyo maisha ya Mama Severa, na dada Candida atatusomea polepole.

Alizaliwa Mkuu, Rombo, mwaka 1956, akabatizwa wiki ileile. Wanasema tangu mdogo alikuwa hawezi kuona mtu anakula peke yake. Alikuwa anakaa naye, hata kama hajaalikwa. Alipokua alienda kujaribu utawa, na masista walimpenda sana, lakini wakamrudisha nyumbani kwa sababu saa ya kimya alikuwa anaongea. Alilia njia nzima. Baadaye alikuwa anasema Mungu alikuwa anauhitaji ule mdomo Kariakoo. Mwaka 1979 akaja Dar kwa kaka yake, akajifunza kuuza vyombo kwa jumla, akaolewa na babu Ansbert, wakapata nyumba Gerezani. Babu alipofariki, bibi alibaki na duka, na vyumba viwili vitupu ambavyo hakujua ni vya nani.

Wito wake ulimkuta mwaka 2009, dukani, akiwa amesimama juu ya stuli. Aliingia mteja kutoka Liwale anaitwa Mwanamkuu, alikuja kuchukua mabeseni na vikombe vya kuuza kwao. Mgongoni alikuwa na mtoto kafunikwa kanga mpaka kichwani. Bibi akamuuliza, "Jua lote hili unamfunika hivyo?" Akajibu mtoto ana mafua. Mtoto akaanza kulia, bibi akaleta maziwa, na ilibidi kanga ifunuliwe. Mdomo wa juu ulikuwa umepasuka mpaka puani, na maziwa yakaingia mdomoni yakatokea puani. Mwanamkuu akainama. Akasema mama mkwe wake anadai alipokuwa mjamzito alimcheka mtu mwenye mdomo kama huo, ndo kalipwa. Bibi akashuka kwenye stuli na kusema maneno ambayo familia yetu yote inayajua: "Hujalipwa chochote. Umezaa mtoto. Acha mzigo hapa, tunaenda hospitali."

Hospitali waliambiwa unaitwa mdomo wazi, kwamba unashonwa, na kwamba kuna kambi za upasuaji wa bure, ila mtoto aongezeke uzito kwanza. Liwale ni mbali kwenda na kurudi, hivyo Mwanamkuu na binti yake Fatuma wakahamia kwenye chumba kimoja cha Gerezani. Bibi alimtafutia mgeni wake mkeka wa kuswalia kabla hata ya godoro. Akajifunza kumlisha mtoto kwa kijiko, kaketi wima, kidogo kidogo. Fatuma akanenepa, akashonwa mdomo, na mwaka uliofuata akarudishwa akazibwa kaakaa, lile paa la ndani ya mdomo, maana likibaki wazi mtoto anaongelea puani na watu hawamwelewi.

Hapo ndipo bibi alipopata njia yake. Kariakoo kila katoni inayopanda basi la mkoani inaandikwa kwa maka pen jina la mwenye mzigo na anapoenda. Bibi akaanza kuongeza mstari wa chini: "Mtoto mwenye mdomo wazi, matibabu bure, piga namba hii." Mzee Khalfani alimtania, "Mama Severa, sasa masufuria yako yamekuwa wainjilisti." Lakini jaribu kubwa lilikuwa hapo. Nchi hii kila mtu keshatumiwa meseji ya tuma hela kwenye namba hii, kwa hiyo vijijini wakaona namba na neno bure wakajua ni tapeli. Mwanaume mmoja alipiga simu kumwambia tu, "Mama, mimi mjanja, kamle mwingine." Wengine walipiga kumtukana. Sokoni wakaanza kumwita Mama Tapeli, na kwa miezi mingi hakuna mtoto hata mmoja aliyekuja. Bibi hakuacha kuandika. Mwishowe ni Mwanamkuu aliyefungua mlango. Siku ya gulio, Liwale, alimsimamisha Fatuma juu ya katoni yenyewe, bila kanga, mdomo mzima, akawaambia wenzake, "Tapeli mwenyewe ndo huyu kanishonea mtoto." Kambi iliyofuata vyumba vya Gerezani vilijaa, tukalala mpaka jikoni.

Tunayoyakumbuka kama maajabu ni ya kawaida kwa wengine. Watoto waliokwisha kuzibwa kaakaa wanatakiwa wafundishwe sauti upya, na mwalimu wa hospitali alimwambia bibi waanze na maneno ya p na b. Bibi akasema hayo anayauza. Akawa anawapanga watoto dukani, ananyanyua chombo, wao wanaita: bakuli, beseni, birika, pipa. Siku moja Fatuma, ambaye alikuwa hajawahi kueleweka na mtu zaidi ya mama yake, alimwambia mteja, "Baba, beseni bei poa." Mteja akanunua bila kujua ameona nini. Mzee Khalfani alifunga duka lake mchana kweupe akaenda kulia msikitini, na hilo kaniruhusu niliandike.

Mtoto wa mwisho kupita mikononi mwa bibi alikuwa Awadhi. Alishonwa mdomo, akapendeza, baba yake Mbaruku akamrudisha Liwale akasema kapona. Bibi akampigia amlete kwa ajili ya kaakaa. Mbaruku akamjibu, "Mama, mdomo umefunga, mnataka mshone nini tena?" Baadaye akawa hapokei simu. Bibi hakukasirika. Kila Jumamosi akifunga duka alikuwa anamwandikia meseji, na hakujibiwa. Moyo ulipomlaza mwaka jana, padri alikuja kumpaka mafuta, akapokea vizuri, akaitika sala zote, halafu akafumbua macho akauliza, "Awadhi kaja?" Mama yangu akamwambia bado. Akasema, "Basi mwandikieni." Alfajiri akafariki. Kwenye mazishi kina mama wa Liwale walikuja basi zima, na watoto wao waliimba kwa sauti mpaka padri akasubiri.

Kanisa halijamtangaza bibi kuwa mtakatifu, na padri katuomba tusiwahi mbele. Lakini kumuiga tunaruhusiwa. Fatuma sasa anafundisha wadogo bakuli na beseni, Mwanamkuu anapokea wageni stendi, na simu ya bibi ninayo mimi. Awadhi ameshatimiza miaka mitatu, Mwanamkuu, aliyemwona alipokwenda Liwale, anasema anaongea sana na hakuna anayemwelewa. Leo ni Jumamosi. Nimemwandikia baba yake:

"Shikamoo baba Awadhi. Mimi ni mjukuu wa Mama Severa wa vyombo. Kambi ni mwezi ujao, chumba kipo, stendi tutakuja kuwapokea. Mlete aongee na sisi tumsikie."

Imefika. Hajajibu.