Picha ya Kifua Dirishani

Nilikuwa na miaka ishirini na kiburi cha mtu wa arobaini. Nilikuwa namalizia mafunzo ya uuguzi msaidizi katika hospitali moja huko Kilosa, na kijijini kwetu, upande wa Malolo, zahanati ilikuwa imeshasimama, ikinisubiri mimi. Mkutano wa kijiji ndio ulionichagua nikasome. Matofali ya zahanati ile tuliyafyatua wenyewe, kila kaya kwa zamu yake, na mimi nilibeba maji ya kukandia udongo mpaka utosi ukawaka moto. Ilikuwa na chumba kimoja cha sindano chenye dirisha linalotazama mashariki. Mwenyekiti alikuwa ameniandikia barua kuuliza nitafika lini.

Kisha nikaingia chumba cha eksirei, na ile barua nikaisahau mfukoni.

Nilitumwa kumpeleka mama mmoja aliyevunjika mkono. Fundi wa picha alikuwa mtu mzima, mkali, mwenye kucha zilizogeuka rangi kwa dawa. Aliniruhusu nimfuate kwenye chumba cha giza. Akawasha taa nyekundu, akaichovya filamu kwenye beseni la dawa, akaitikisa polepole. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Halafu mifupa ikaanza kuja, mmoja baada ya mwingine, mpaka mkono mzima ukatokea ndani ya maji, na juu ya kiwiko ufa mwembamba kama unywele. Mwili ulinisisimka. Mkono ule nilikuwa nimeuosha na kuufunga asubuhi hiyo hiyo, na kumbe sikuwa nimeuona.

"Funga mdomo," fundi akaniambia. "Hii dawa ni kali."

Tangu siku hiyo kila nikipata nafasi nilikuwa kule. Wenzangu wodini walinitania kwamba nimepata mchumba gizani, nami sikukanusha sana. Fundi naye aliona. Siku moja akanipa fomu ya kwenda Dar es Salaam kusomea eksirei; jina langu angelipendekeza yeye mwenyewe, mradi fomu irudi Ijumaa.

"Ila jambo moja nisikufiche," akasema. "Mashine hii bila umeme ni bati tupu. Kwenu hakuna hata waya mmoja. Ukiwa mtu wa picha, kwenu utakuwa unakwenda likizo."

Niliijaza siku hiyo hiyo, yote isipokuwa sahihi. Kalamu niliishika mara tatu. Niliyaonea hasira matofali yale, kana kwamba yalikuwa yamejipanga ili kunizibia njia.

Alhamisi akaja jirani yetu wa kijijini, mzee aliyewahi kukata mkonge miaka mingi, ndiye aliyekuwa akipanga matofali ya zahanati kwenye tanuri. Alikuwa na kikohozi kisichoisha. Alipanda lori mpaka Mikumi, kutoka pale akapanda basi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Zahanati yako ipo. Popo wameanza kuulizia chumba."

Nilimpeleka kwa fundi. Akasimamishwa, kifua kikabandikwa kwenye bamba. "Vuta pumzi, baba. Shika hapo hapo, usipumue." Mzee akatii, macho yamemtoka. Mashine ikanguruma, ikanyamaza. "Haya, pumua." Hapo ndipo nilipokosea. Badala ya kubaki na mgonjwa, nilikimbilia gizani kuitazama filamu yake ikiiva. Mbavu zilikuja, zimejipanga vizuri ajabu, na juu ya pafu la kulia ukatanda weupe kama pamba iliyochambuliwa. "Kifua kikuu," fundi akasema.

Tulipotoka, benchi lilikuwa tupu. Mzee ameaga, mlinzi akasema. Kifua kimekuwa chepesi, anamshukuru sana daktari.

Alidhani picha ndiyo dawa. Hakuna aliyemwambia vinginevyo, na mtu wa kumwambia nilikuwa mimi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Nilinyakua filamu, bado inachuruzika maji, nikakimbia nayo hadi stendi.

Basi la Mikumi lilikuwa linapakia, na yeye alikuwa ameshakaa dirishani. Taa ya kusomea picha sikuwa nayo, kwa hiyo niliinua filamu mikono miwili juu kulielekea jua. Abiria wakageuza shingo. Mzee alitazama kwa muda mrefu.

"Huyo ni mimi?"

"Ni wewe, babu."

"Kwa hiyo Mungu ananiona hivi kila siku."

Mimi mwenyewe nilikuwa nimewaza hivyo hivyo na nikaona haya kusema. Nikamwonyesha ule weupe. Nikamweleza kwamba picha imeuona ugonjwa tu, haijaugusa. Dawa yake ni sindano kila siku kwa miezi miwili, kisha vidonge kwa muda mrefu.

"Miezi miwili siwezi kukaa Kilosa, nguruwe watamaliza mahindi," akasema. "Nyumbani nani atanichoma?"

Hakuniuliza kwa kunisuta. Macho yake hayakutoka kwenye filamu.

Nikamwambia nitamchoma mimi. Alishuka, akalazwa zile siku chache nilizokuwa nimebakiza mafunzoni. Ijumaa nilirudisha fomu bila sahihi. Fundi hakunisemesha mpaka siku ya kuondoka, aliponipa ile filamu ndani ya bahasha ya kaki. "Umeme hamna," akasema, "lakini jua mnalo." Nililia njia nzima mpaka Mikumi. Mashine ile niliipenda, na hadi leo sijifanyi kwamba sikuipenda.

Filamu niliitundika kwenye dirisha la mashariki. Kila asubuhi jua likichomoza, kifua cha mzee kiliwaka pale dirishani, na watu walikuja kukitazama kwa sauti za chini, kama wako msikitini. Mimi nilichemsha sindano kwenye jiko la mkaa. Mzee mwenyewe alisimama mbele ya mbavu zake, akavuta pumzi, akaishika. Nilimwambia si lazima. Akajibu kwamba fundi ndiye aliyeagiza. Basi nikawa nachoma, kisha nasema, "Pumua, babu," na siku nikichelewa kusema aligonga meza kwa ngumi.

Vidonge vilipokwisha alikwenda Kilosa kupigwa picha ya pili. Aliileta mwenyewe, ameibana kati ya vipande viwili vya boksi na kuifunga kifuani kwa kamba ya mkonge. Niliitundika kando ya ile ya kwanza. Jua likapanda, mbavu zikaja kama zilivyokuja siku ile kwenye beseni, nami nikatafuta ule weupe. Ulikuwa umebaki uzi mmoja. Nilisimama pale sijui kwa muda gani, mkono umekamata fremu ya dirisha, kifua kimenijaa.

Nyuma yangu mzee akasema taratibu, "Pumua, mjukuu wangu."