Siku Mama Mizigo Alipopanda Gari

Stoo yetu haina dirisha. Ina mlango mmoja, rafu za viatu vya kukodi, na Mama Mizigo. Begi la kila mgeni anayekwenda mlimani humwagwa pale juu ya turubai, naye hulipanga upya: mfuko wa kulalia chini, nguo kavu ndani ya nailoni, koti zito juu kabisa, maana baridi ya kule haikungoji ufukue. Mimi dereva nimebeba mabegi yake miaka nenda rudi, sijasikia mgeni akilalamika. Hapo ndipo maskini alipojifunga mwenyewe. Nani atamwachia mtu kama huyo?

Mlimani hajawahi kufika. Kila msimu huomba kwenda, hata kama msaidizi wa mpishi, na bosi humjibu, "Subiri kidogo, mama." Subira huvuta heri, wanasema. Yake ilivuta vumbi tu.

Mwaka huu akapata ujanja. Akamfundisha wifi yake kazi yote, akampeleka kwa bosi, bosi akakubali: wifi abaki stoo, yeye apande na mpishi. Asubuhi ya safari nikamkuta amekaa nyuma yangu, koti limefungwa hadi kidevuni, jasho linamtoka.

"Bibi harusi wa barafu!" nikamtania.

"Washa gari, usinitie nuksi."

Nikawasha. Tukiwasubiri wageni, akalibonyeza begi lililokuwa kando yake, mazoea tu. Uso ukambadilika. Akafungua zipu: makoti mawili ya mvua, koti zito hakuna. Akavua lake, akalikunja, akalitia ndani.

"Baridi itakuua," nikamnong'oneza.

"Nyamaza, kaka."

Akabonyeza la pili. Hilo halikuwa na glavu. Akalitazama lango, lilikuwa wazi. Akayatazama mabegi mengine, yamerundikwa hadi darini. Nasema kweli, nilimwombea anyamaze. Lakini zile ni roho za watu.

"Bosi," akaita. "Teremsheni yote."

Akayapanga upya uani, magoti chini, wageni wamemzunguka. Alipomaliza, bosi akamshika bega kwa upendo kabisa, na hilo ndilo linaloniuma.

"Umetuokoa, mama. Sasa stoo hii nimwachie nani? Kesho kuna kundi jingine."

Wageni wakapiga makofi. Mama Mizigo akayatazama mabegi yakipakiwa tena garini.

"Na jikoni?" mpishi akauliza. "Mimi siwezi kupanda bila msaidizi."

Bosi akageuka huku na huku, macho yakamwangukia wifi mtu, kasimama mlangoni, hana kazi tena. "Wewe. Panda."

Binti akaangua kilio. "Wifi, mimi sitaki! Nafasi ni yako!"

"Panda, watu wanachelewa."

Mama Mizigo akamvisha lile koti lake, alilolitoa begini wakati wa kupanga upya, akamfunga zipu. Akainama, akamkaza kamba za viatu, fundo mara mbili. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu.

"Ukifika juu," akamwambia, "utazame vizuri. Uje unieleze kulivyo."