Nimekimbia Wete nzima kila Jumapili, sukari ikazidi kupanda

Wakuu, salaam. Haya yamenikuta mwenyewe. Siuzi dawa wala sina mafuta ya kuchua, kwa hiyo msijaze inbox.

Nakaa Jadida, Wete, huku Pemba. Kazi yangu ni ya kitini, na kitambi kilipoanza nilikiita heshima.

Nikaenda kupima. Nesi, Bi Ramla, akatazama kipimo, akatazama tumbo, akarudi kwenye kipimo.

"Hujaingia kwenye kisukari, lakini mlango umeushika. Fanya mazoezi. Ukirudi hivi hivi, dokta atakuanzishia vidonge."

Marehemu baba alikatwa mguu kwa sukari, na aliyekuwa akimbeba kwenda chooni ni mimi. Sikuhitaji kuambiwa mara mbili.

Nikajiunga na kikundi cha mazoezi. Kwa msioijua Zanzibar: Jumapili asubuhi ni fulana za sare, filimbi, na nyimbo za kuamsha hata aliyezikwa jana.

Kiongozi wetu ni Mbarouk, mwembamba kama mwiko. Anaimba, anapuliza filimbi, anamwamkia kila Bi na kila Mzee aliyekaa barazani, na jasho halimtoki. Nikasema huyu ndiye wa kumuiga.

Mara ya kwanza kilima cha kutoka bandarini kilitaka kuniua. Mbarouk akageuka.

"Yakhe, wapumua au wakuna nazi?"

Nikavumilia. Ikapita miezi, nikawa napanda kilima kile huku naitikia nyimbo. Nikajiona mwanajeshi.

Kitambi? Kilikuwa palepale. Kinakimbia na mimi, nacho kimeshapata stamina.

Hapa niseme jambo ambalo wageni hawalijui. Tukimaliza kukimbia, kila wiki mwanachama mmoja anatukaribisha kwake. Mikate ya mofa, maandazi, chai ya maziwa iliyokolea sukari, na halua ya kufungia. Ukisema umeshiba, mwenye nyumba anauliza una neno gani naye. Kwa hiyo tunakula. Kwa adabu, na kwa wingi.

Nikarudi kwa Bi Ramla, na Mbarouk nikamchukua awe shahidi wangu.

Sukari imepanda.

"Mnakimbiaje?" akauliza.

Mbarouk akavimba kifua. "Tunaimba mwanzo mpaka mwisho. Hapana hata mmoja anayehema."

"Basi mnatembeza fulana."

Akatueleza. Mwili ni bahili. Ukishaizoea kazi, unaifanya kwa mafuta kidogo sana, kama dereva anayeijua kila kona ya njia. Sukari ya damu inatakiwa iingie kwenye misuli, lakini mafuta ya tumboni yanaifanya misuli isisikie inapobishiwa hodi. Dawa yake ni kuipa misuli kazi isiyoizoea. Sisi tulikuwa tunaipa kazi ileile, kisha tunakwenda kuongeza halua.

Mbarouk alikuwa akinicheka.

"Na wewe lete kidole," Bi Ramla akamwambia.

Yake ilikuwa juu kuliko yangu.

"Mie? Mbona sina tumbo?"

"Sukari haipimwi kwa mkanda wa suruali, mwanangu. Wembamba nao wana mafuta ya ndani."

Akaambiwa arudi kesho yake hajala kitu. Akarudi, ikawa vilevile, akaanza vidonge. Mimi dokta akanipa nafasi moja ya mwisho.

Tukabadilisha utaratibu. Kile kilima tunakipanda mbio bila wimbo, tunashuka polepole, tunarudia mpaka mtu asiweze kusema neno. Katikati ya wiki tunanyanyua madumu ya maji. Na usiku nikishakula, natembea kidogo badala ya kujilaza kwenye mkeka.

Kazi kubwa ikabaki kwenye chakula. Zamu ilikuwa ya Bi Time, mkubwa wetu kwa umri, na halua yake inasifiwa mji mzima. Mbarouk ndiye aliyemwambia safari hii asitupikie vitamu.

"Halua yangu imekukosea nini?"

"Haijanikosea, Bi Time. Imenipenda kupita kiasi."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Jumapili ile akatuwekea samaki wa kuchoma, maharage na chai kavu isiyo na sukari, kwa uso wa mtu aliyefiwa. Tukala, tukamsifu. Akanuna zaidi.

Siku ya kupima nilimpa Bi Ramla kidole huku nimefumba macho, na mguu wa baba ndio niliokuwa nikiuona.

"Imeshuka," akasema. "Vidonge bado huvihitaji. Endelea."

Tumbo limepungua tundu moja la mkanda, basi. Lakini nimejifunza hivi: zoezi likishakuwa raha, mwili umeshaacha kufanya kazi. Liongezeni uzito, na mkimaliza msijilipe kwa sukari. Na nyinyi wembamba mnaotucheka, kapimeni kwanza.

Uwanja ni wenu, wakuu. Matusi yapokelewa, lakini mseme na sukari zenu ziko ngapi.