Fundi wa Milango ya Kadilaki

Mama jirani yangu hapa Detroit alifunga milango kwenye magari ya Kadilaki kiwandani miaka thelathini na moja, na kila jioni alirudi nyumbani kwa basi. Hata baada ya kustaafu, akikuta mlango wowote, lazima vidole vyake vinene viguse bawaba, aufunge, atege sikio. Jumapili moja asubuhi alipiga honi mpaka nikatoka na mswaki mdomoni. Kadilaki nyekundu, kuukuu, ndefu kama kanisa!

"Ya nani?"

"Yangu, shoga! Hebu sikiliza."

Akaufunga mlango; ukalia kama busu. Akaufungua, akaufunga tena, tukacheka mpaka machozi.

"Haya, endesha wewe," akasema, akijitupa kwenye kiti cha nyuma na kofia yake ya manyoya. "Polepole, wanione!"

Tulizunguka mtaa mara nne. Ibada ilianza bila sisi.