Msaidizi Asiye na wa Kumsaidia

Nilipomaliza sekondari pale Kasongo, nilikuwa nimeamua kusomea ergoterapi, kazi ya kumrudisha mtu kwenye shughuli zake baada ya ugonjwa: kula, kuvaa, kulima. Njia zilikuwa mbili: mtaalamu, miaka mingi Kinshasa, au msaidizi, mafunzo mafupi, halafu unafuata mpango wa mtaalamu.

Baba, mkulima wa kijijini Wamaza, alinisikiliza hadi mwisho.

"Miaka yote ile, juu ya kufundisha mutu muzima kuvala shati?"

"Ndiyo, baba."

"Na akikatala kuvala?"

Mama akanishauri nisome ile fupi, nirudi yeye na baba wangali hai. Nami nikajiona mwerevu: mambo yakiharibika, lawama ni za mtaalamu. Nikachagua usaidizi.

Niliporudi Kasongo, mkuu wa kituo cha afya alinipa koti jeupe na kiti. Nikauliza mtaalamu wangu yuko wapi.

"Mutaalamu gani? Si ndiye wewe?"

Basi asubuhi nilipanga, mchana nikafuata mpango. Nilipokosea, nilijigombeza kwa niaba ya mkubwa wangu.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza mkono wa kulia, na wake za wanawe wakamnyang'anya mchi kwa heshima. Nikamrudishia. Nikamkalisha kwenye kigoda, kinu katikati ya miguu, mikono yote miwili juu ya mchi. Majani ya muhogo ya kupikia sombe yakaruka mpaka uani. Jirani wakasema nimesomea kutumikisha wazee, na habari zikafika Wamaza.

Baba akaja kwa pikipiki, uso umekunjamana.

"Dada, huyu mutoto anakutesa?"

"Nyamaza," shangazi akajibu bila kuacha kutwanga. "Tangu niugue nakulishwa sombe ya kutwangwa na watu wavivu."

Tukala. Sombe ya shangazi ilikuwa mbaya kuliko ya wale wavivu, imejaa nyuzi na vijiti. Tukaimeza hivyo hivyo. Baba alitafuna muda mrefu, akamtazama dada yake aliyekuwa akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu augue, kisha akaniita pembeni.

"Kazi yako nimeiona. Iko muzuri," alisema, akichokoa meno. "Lakini enda Kinshasa, umalize masomo."

Nikaenda. Ndiyo kusema sasa kituo hakina mtaalamu wala msaidizi, na koti langu, nasikia, analivaa mlinzi siku za baridi.