Hii Endelea

Wiki iliyopita, kipindi cha pili, msichana mmoja wa kidato cha kwanza alisimama kusoma sentensi ubaoni, akalikata neno katikati: "Dis... kontinyu." Darasa lilicheka. Mimi, mwalimu wake, nikashindwa kuendelea na somo. Niliwaambia wanakili mifano, nikatoka nje kama mtu aliyesahau kitu ofisini. Mara ya mwisho kulisikia neno hilo likisomwa hivyo, msomaji nilikuwa mimi mwenyewe, barazani kwetu Ndandalo, kijijini Kyela, nikiwa darasa la sita. Nivumilieni niwasimulie, maana sijawahi kumsimulia mtu.

Nyumba yetu ilinuka kakao. Msimu wa mavuno baba alimimina mbegu mbichi kwenye sanduku la mbao nyuma ya jiko, akazifunika kwa majani ya migomba, na kwa siku tano au sita uchachu wake uliingia mpaka kwenye mablanketi. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyezigeuza. Alikuwa mfupi, mcheshi, mwenye maneno mengi ya Kinyakyusa na machache mno ya Kiswahili. Magoti yake yalichakazwa na majaruba ya mpunga, maisha mazima ya kuinama ndani ya maji. Kwa ajili ya magoti hayo alimeza vidonge vyeupe alivyoandikiwa hospitali.

Mimi nilikuwa msomi wa nyumba. Baba aliishia darasa la saba, na Kiingereza chake chote kilikuwa "good morning", ambayo aliisema hata saa kumi jioni. Karatasi yoyote iliyoingia kwetu, iwe ya mbolea au ya sumu ya panya, niliitiwa niisome. Nilikuwa na majivuno, sitawaficha. Mwalimu wetu alitukaririsha vitenzi huku akigonga meza: "Stop, simama! Finish, maliza! Continue, endelea!" Hicho cha mwisho nilikijua kuliko vyote, kwa sababu kila mtoto alipofika mwisho wa aya, mwalimu alimnyooshea kidole anayefuata na kusema, "Kontinyu!"

Siku moja Bibi alikwenda hospitali kulalamika kwamba tumbo linamwunguza. Baba alikuwa anavuna, kwa hiyo alisindikizwa na jirani, mwanamke wa rika lake asiyemshinda kwa Kiswahili. Daktari hakuwa mtu wa huku. Alieleza aliyoeleza, na Bibi, kama alivyotusimulia mwenyewe akicheka, akaitikia kila neno kwa "ndaga fijo", yaani asante sana. Alirudi na chupa ya dawa ya maji na karatasi moja. Jioni baba akanikabidhi karatasi hiyo mbele ya wote.

Ilikuwa na mistari miwili. Wa pili ulikuwa wa dawa ya maji, nao haukunisumbua. Wa kwanza ulikuwa na jina la vile vidonge vya magoti, nililolitambua kwa kuwa liliandikwa kwenye pakiti yake, na mbele yake neno moja refu: "Discontinue". Nililitazama vizuri. Ile "dis" niliijua, ndivyo sisi wote tulivyotamka "this", hii. Nikaona daktari, kwa haraka zake, ameunganisha maneno mawili na kukosea herufi. Nikamsamehe.

"Dis... kontinyu. Hii, endelea," nikasema.

"Aendelee navyo?" baba akauliza. "Na tumbo je?"

"La tumbo ni hii ya maji, baba. Vidonge aendelee."

Baba aliitikia kwa kichwa. Bibi akanishika kidevu. "Ndaga, msomi wangu," akasema.

Na mambo hayakuishia kwenye kusoma. Wazazi wangu walishinda shambani, kwa hiyo kazi ya kumpa Bibi dawa ilikuwa yangu, asubuhi kabla ya shule na jioni nikirudi. Baada ya siku chache akaanza kuvikwepa. Alisema, kwa Kinyakyusa, kwamba vile vyeupe vikifika tumboni vinawaka kama kaa la moto, na kwamba magoti yake ameyazoea, akaomba nimpumzishe. Nilimkatalia. Nilisimama mbele yake na kikombe cha maji mkononi nikamwambia daktari ameandika aendelee, na mimi nimesoma kwa macho yangu. Bibi aliyamaliza maji yote. Hakutaka kuniaibisha.

Jumamosi moja asubuhi, akigeuza kakao, aliinama akatapika damu juu ya majani ya migomba. Nilifikiri ni maji ya kakao mpaka mama alipopiga yowe. Wakamkimbiza hospitali. Jioni ile baba alirudi peke yake kuchukua kanga na blanketi, na kabla ya kuketi akaniuliza ile karatasi iko wapi. Nikamletea. Aliitazama kwa muda mrefu, huku midomo yake ikicheza, kisha akanitazama mimi. Akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati. Niliona amechoka tu.

Bibi alifariki siku ya pili yake. Kabla ya jeneza kufungwa, baba alitoa kitu kilichokunjwa kwenye mfuko wa shati akakiingiza chini ya shuka, karibu na mikono yake. Shangazi akauliza ni nini. "Karatasi yake," baba akajibu. Mimi nikadhani ni mstari wa Biblia, na nikaona ni jambo zuri.

Tangu hapo sikuitiwa tena karatasi. Baba alizipeleka Kyela mjini kwa mwenye duka mmoja, mtu mwenye asili ya pwani aliyekijua Kiingereza, hata karatasi ya dawa ya kupulizia mikakao. Nilinuna. Nilikuwa wa kwanza darasani, na baba yangu mzazi ananiona sifai.

Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni, mwalimu alipoandika ubaoni "continue", kisha chini yake "discontinue", akachora mstari kati yao. Kinyume, akasema. Kusitisha, kuacha. Nilichokumbuka kwanza ni kile kikombe cha maji. Halafu nikaukumbuka mfuko wa shati wa baba, na ile shuka, na nikaelewa alichoambiwa hospitali, alichokuwa amekizika, na kwa nini alikwenda kutafuta msomaji mwingine. Alikuwa amehakikisha hakuna mtu wa ukoo atakayeisoma karatasi ile, na kwamba, nikiwa mtoto, sitabebeshwa tena uhai wa mtu kwa kusoma karatasi.

Likizo nilimkuta kwenye sanduku la kakao. "Baba," nikaanza, "ile karatasi ya Bibi..."

Hakuinua kichwa. "Yaishe, mwanangu."

"Lakini mimi ndiye niliyem..."

"Nimesema yaishe. Shika jani upande huo."

Nikashika. Tukafunika kakao, na hatukuligusa jambo hilo tena mpaka tulipomzika na yeye, kando ya mama yake. Kiingereza kina vitenzi vingi vya kumaliza mambo, navifundisha kila mwaka, na sijaona kimoja kinachobeba alichonibebea baba kwa neno lile. Alitaka yaishe. Kwangu hayajaisha.

Siku ile, wiki iliyopita, nilirudi darasani. Yule msichana alikuwa bado amesimama.

"Ni neno moja," nikamwambia. "Usilikate."

"Maana yake nini, madam?"

"Acha."

Akadhani namkataza kuuliza. Akasema, "Asante, madam," akaketi, akainamia daftari lake.

Nilimsimamisha tena. Nikaenda mpaka kwenye dawati lake, nikamweleza kwa Kiswahili, nikamweleza kwa Kinyakyusa, na sikumwacha aketi mpaka aliponieleza yeye.